Figo Iliyolala Ndooni Siku Tano

Figo ikitolewa mwilini haijui kwamba imetolewa. Nawaambia hili mwanzo, ninyi mnaoanza kazi ya kukata na kutayarisha vipande vya mwili maabara, kwa sababu chuoni watawaanzisha na historia ya darubini na mtasinzia. Seli za figo iliyokatwa hubaki zikingoja damu. Damu isipokuja, vimeng'enya vilivyomo ndani yake huanza kuila nyumba. Protini zinakatikakatika, kiini cha seli kinafifia, na ile nyama iliyokuwa na habari ya kutueleza inageuka uji. Kazi yetu yote, ukiiondolea majina yake makubwa, ni kuuwahi huo uji.

Tunauwahi kwa fomalini, dawa inayozishika protini na kuzigandisha mahali zilipo. Lakini fomalini ina mwendo wa kinyonga. Saa nzima inapita, nayo haijazama zaidi ya unene wa ukucha. Kwa hiyo kitu kikubwa kama figo unakipasua katikati kwanza, kama mkate unaotaka kupakwa siagi, ndipo unakitumbukiza. Hata mtoto wa darasa la nne anaelewa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mmoja kazini siku niliyoacha kufanya hivyo, kwa hiyo anayetaka kucheka acheke sasa, maana huko mbele hakuna kicheko kingi.

Aliyenilea kazini alikuwa Mzee Jaswant, Singasinga wa hapa hapa Nakuru, mrefu, vidole vyake vimekolea rangi za dawa hata sabuni ilikwisha kukata tamaa. Alitukataza kula ndani ya maabara, naye mwenyewe alikuwa na karanga kwenye mfuko wa koti jeupe. Mwaka wangu wa pili lililetwa titi la mama mmoja. Nikajiona fundi. Nikalikata vipande safi kabla daktari wa patholojia hajaliona, ili akifika akute kazi imekwisha. Daktari akafika, akauliza upande upi ulikuwa juu. Sikujua. Basi haikujulikana tena kama saratani ilikuwa imefika ukingoni mwa mkato au la, na yule mama akachomwa miale ambayo pengine hakuihitaji.

Mzee Jaswant hakupiga kelele. Alininyang'anya kisu mwezi mzima, nikawa naosha chupa. Siku aliponirudishia alisema, "Elija, nyama ni ya daktari. Wewe ni askari ya mlango." Maneno hayo yaliniingia mfupani. Tangu siku hiyo, hata ini la mbuzi nyumbani nilikuwa nikingoja mtu mwingine alikate, na mke wangu ananisema mpaka leo.

Sasa tuje kwenye Januari ya 2008. Daktari wetu wa patholojia, Daktari Nyambu, alikuwa akitoka Nairobi kila Jumanne na Ijumaa. Alhamisi moja mwishoni mwa mwezi huo, saa tisa alasiri, nililetewa figo kutoka thieta, chumba cha upasuaji. Ilikuwa ya mama mmoja muuza mboga wa mtaa wa Free Area. Tumwite Mama Naomi. Ililetwa ndani ya ndoo nyeupe ya mafuta ya kupikia, maana mikebe yenyewe ilikwisha tangu Krismasi. Ilikuwa kubwa kama ngumi mbili, na upande mmoja ulikuwa umetokeza uvimbe wa manjano kama samli. Nikajaza fomalini, nikabandika jina. Kisu kilikuwa mezani, kimenolewa. Nikajiambia, kesho ni Ijumaa, daktari anakuja, hii ni yake. Nikafunika ndoo nikaenda zangu nyumbani, mtaa wa Bondeni.

Ijumaa daktari hakuja. Ghasia za baada ya uchaguzi zilikuwa zimefika mjini, na hakuna aliyekwenda popote siku hiyo. Ninyi mliokuwa wadogo mmesimuliwa. Sisi tulionusa ule moshi hatupendi kusimulia. Kwa siku nne mimi na mke wangu na watoto tulikaa ndani, godoro limeegemezwa dirishani, tukisikiliza watu wakipita na kuulizana nani anaishi nyumba gani. Niliogopa kwa ajili ya wanangu, na sitawadanganya kwamba niliwaza figo ya mtu. Niliiwaza Jumapili, ghafla, nikinawa mikono. Nikahesabu saa kwa vidole, nikakaa sakafuni.

Jumanne palipotulia kidogo nilitembea hadi maabara kwa njia za nyuma, kitambulisho nimekificha kwenye soksi, maana siku hizo jina la mtu lilitosha kumponza. Nikafunua ndoo. Nje figo ilikuwa imekaza kama yai la kuchemsha. Kisu kilipopita robo inchi kikaanza kuzama chenyewe. Katikati ilikuwa ya kijivu, laini, ikinata, na harufu yake sitaieleza. Mahali fulani kisu kilikwaruza kitu kama changarawe. Sikutazama ni nini. Kwa pupa nikachukua vipande pale uvimbe ulipokuwa mkubwa zaidi, yaani palepale palipokuwa pameoza.

Mkuu wa maabara, Madam Susan, alikuja akasimama nyuma yangu. Alikuwa ameanza kazi baada yangu akanipita cheo, na sikuwahi kumchukia kwa hilo, alikuwa mwepesi wa akili. Hakuhitaji kuelezwa.

"Hukuifungua?"

"Nilikuwa nangoja daktari."

"Elija, tukiandika hivyo wewe umeenda nyumbani, na mimi nafuata." Akatazama mlango. "Andika imefika ikiwa imeharibika. Thieta wenyewe hawajui ilikaa huko masaa ngapi. Nani atauliza saa hii, na vile mambo iko?"

Nikaandika: Sampuli ilipokewa ikiwa imeharibika. Nikatia sahihi. Mnielewe vizuri, hakuna aliyenishika mkono. Nilikuwa na watoto watatu, mji ulikuwa unawaka, na mshahara ndio kitu pekee kilichobaki kimesimama.

Nilipoinua kichwa kulikuwa na mtu dirishani. Alikuwa Baba Naomi, mume wa yule mama, fundi baiskeli. Tangu Ijumaa alikuwa akilala na wanawe kwenye korido ya hospitali kwa sababu kwao hakukuwa na njia ya kurudi.

"Sasa daktari," akasema. Watu wote huwaita watu wa maabara daktari, nasi huwa hatuwasahihishi. "Majibu ya Mama Naomi imetoka?"

"Bado. Daktari mwenyewe yuko Nairobi, na barabara imefungwa."

"Kwa hivyo shida ni barabara tu?"

"Ni barabara tu," nikasema.

Daktari wa upasuaji, mwanamke mfupi asiyependa salamu ndefu, alinikamata koridoni mchana huohuo. Akaniambia figo iliyobaki nayo ilikuwa imeonekana na doa kwenye picha. Homa haikushuka, na mkojo ulikuwa unapungua.

"Ijumaa saa nne naingia, siwezi kungoja zaidi ya hapo," akasema. "Kama ile ya kwanza ni usaha, nitapitisha sindano, nitoe usaha, abaki na figo yake. Kama ni kansa, natoa. Nataka neno moja tu kutoka kwenu."

Figo ya pili ikitolewa, Mama Naomi angeishi kwa mashine ya kusafisha damu, na mashine ambayo angeweza kuipata ilikuwa mbali, ng'ambo ya vizuizi vya barabarani. Nilijua maana yake, na yeye alijua.

Hapa nisimame niwafundishe kidogo, kwa sababu bila hili hamtaelewa kwa nini uongo wangu ulikuwa sumu. Uvimbe wa figo ni wa aina nyingi. Kuna saratani ambayo seli zake hujaza mafuta na sukari, na chini ya darubini zinaonekana nyeupe kama vyumba vitupu. Kuna inayoota kama vidole. Kuna isiyo saratani kabisa, inayotisha watu bure. Nyingine huita chembe nyeupe za damu kwa wingi, pakawa na vita kuizunguka; nyingine hukua kimya kama hakuna aliyeiona. Halafu kuna tapeli mmoja. Figo ikiugua usaha kwa miaka, mara nyingi kwa sababu ya mawe, zile chembe za ulinzi hula mafuta ya vilivyokufa mpaka zinajaa povu. Povu hilo nalo ni jeupe. Kwa macho ni manjano ileile ya samli, na kwa darubini hufanana na saratani kiasi cha kumtoa jasho daktari bingwa.

Daktari akikwama hivyo hutafuta ushahidi mwingine, na mmoja ni huu: katikati pakoje? Saratani inayokua mbio hukosa damu ikafa katikati. Akiona katikati pamekufa, mizani inalala upande wa saratani. Mimi nilikuwa nimempelekea katikati iliyokufa, na karatasi yenye sahihi yangu inayosema sikuhusika.

Jumatano vipande vilikuwa tayari kwenye vioo. Nilivitazama nikaona vivuli vya seli, vyeupe, vimefutika nusu. Nikavifunga kwenye leso nikaenda kwa Mzee Jaswant. Alikuwa amestaafu miaka sita, duka la wanawe limefungwa milango ya chuma, lakini darubini yake ya zamani ilikuwa mezani, pale wengine wanapoweka chungu cha maua. Alitazama kwa muda mrefu.

"Elija, hii katikati imekufa wapi? Kwa tumbo ya mama, ama kwa ndoo yako?"

Hasira ikanipanda, hasira ya mtu mwenye makosa.

"Wewe ndiye ulisema nyama ni ya daktari, Mzee!"

"Ndiyo nilisema. Daktari hayuko, mji nawaka, wewe nalinda nini? Uji?" Akazima taa ya darubini. "Mimi nilikufundisha nusu. Miaka ishirini, nusu ingine ilikuwa kazi yako."

Mngedhani nilirudi nikaichana ile fomu. Sikuichana. Nilirudi nikaipanga vizuri zaidi juu ya vioo. Asubuhi hiyo Baba Naomi alikuwa amekuja dirishani akauliza, nikamwambia barabara. Alhamisi asubuhi akaja tena, nikamwambia barabara.

Alhamisi hiyo hiyo, karibu saa sita, Daktari Nyambu akaingia, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amekuja na msafara uliosindikizwa na wanajeshi, na ungerudi saa tisa. Hata chai hakunywa. Alisoma fomu yangu, akaweka kioo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikisikia saa ya ukutani.

"Seli nyeupe," alisema polepole, kama mtu anayejisomea. "Katikati imekufa yote. Vipande ni vibaya, lakini hivi ndivyo walivyovileta. Kwa kifo cha namna hii, naelekea kwa kansa." Akachukua kalamu. "Susan, piga simu thieta, waambie wajiandae kutoa."

Madam Susan akanitazama. Mkono wake ulikuwa kwenye simu, nao haukuiinua.

"Daktari," nikasema. "Hiyo katikati niliiua mimi."

Nikamwambia yote. Figo ilifika ikiwa nzima na safi, sikuipasua, ililala ndooni siku tano. Fomu ni ya uongo. Aliendelea kutazama kalamu yake.

"Ulipoikata, kisu kilikwaruza?"

"Kilikwaruza."

"Uliandika?"

"Hapana."

Akavua miwani akaipangusa kwa muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji. Nilingoja anifukuze. Nilitaka anifukuze, ili yaishe.

"Leta ndoo," akasema.

Sikilizeni, hii ndiyo sehemu ya kuandika daftarini. Figo isiyopasuliwa haiozi yote. Ukingo wa nje, chini kidogo ya ganda lake, fomalini hufika mapema. Pale uvimbe ulipokuwa umetokeza, palikuwa na ukanda mwembamba wa nyama yake iliyowahiwa. Daktari alionyesha kwa kidole, nami nikakata vipande vyembamba kama sarafu. Mabaki ya katikati tuliyakoroga kwa maji, tukachuja kwa kitambaa, na kitambaani pakabaki vijiwe vitatu vya kahawia. Mashine ya kutayarisha vipande huchukua usiku kucha na zaidi, nasi hatukuwa na muda huo. Vipande tulivitayarisha kwa mkono, kutoka chupa hadi chupa ya spiriti, saa mkononi, kisha tukavigandisha ndani ya nta ili vikatike vyembamba. Msafara ulipiga honi nje saa tisa. Daktari Nyambu akamtuma mtu aseme waende.

Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa nakata nta iliyoganda. Kipimo alichotaka ni cha sukari. Ile saratani nyeupe huweka sukari, ambayo hushika rangi ya waridi iliyokolea. Ukiisha kuimeng'enya sukari, rangi inafutika. Zile chembe za povu nazo hushika waridi, lakini si kwa sukari, kwa hiyo rangi yake haifutiki. Unahitaji kimeng'enya cha kula sukari, na chupa yetu ilikuwa imekauka zamani. Lakini Mzee Jaswant alinifundisha kwamba kila binadamu hutembea nacho mdomoni: mate. Unatema juu ya kioo, unangoja nusu saa, unaosha. Msinikunjie pua, wazee wetu walitibu nusu ya bonde hili kwa njia hiyo.

Basi nikainama niteme. Mdomo ulikuwa mkavu kama unga. Nilijaribu tena, hakuna. Saa moja na robo, mama wa watu anaandaliwa upande wa pili wa ua, na mimi sina mate. Madam Susan akatoka mbio. Akarudi na limau nusu kutoka jikoni la hospitali, akanisukumia mdomoni bila kusema neno. Nikatema kwenye kijikombe, nikasuuza mdomo kwa maji, nikatema tena mpaka yakaja masafi. Nikayatia juu ya kioo kimoja cha figo, na kimoja cha ini la akiba ya maabara, kwa maana ini lina sukari tele, nalo ndilo lingetuambia kama mate yangu yanafanya kazi au ni woga mtupu.

Tulipomaliza kupaka rangi ilikuwa saa tatu na nusu. Ini lisilotemewa lilikuwa waridi tupu. Lililotemewa lilikuwa limefutika. Mate yalifanya kazi. Daktari akaweka figo isiyotemewa: waridi. Akaweka iliyotemewa. Nilitazama mgongo wake, shati lilikuwa limelowa. Akasogeza kioo huku na huku, akarudi cha kwanza, akarudi cha pili.

"Imebaki," akasema. "Na chembe za usaha ziko kila mahali. Hii si kansa. Susan, simu."

Mama Naomi alikuwa tayari juu ya meza, hajalazwa usingizi. Daktari wa upasuaji alipitisha sindano kwenye figo yake, akatoa usaha wa kikombe kizima, akamwachia figo.

Ripoti niliandikishwa kwa mkono wangu mwenyewe: Sampuli iliharibikia maabara kwa kutopasuliwa kwa wakati. Nilipewa barua ya onyo na sikupanda cheo tena hadi nilipostaafu. Ndiyo maana nawaambia, andikeni kila mnachokiona na kila mlichokiharibu. Anayesoma darubini hana njia nyingine ya kujua ugonjwa umeanzia wapi na ninyi mmeanzia wapi. Nami nina aibu mpaka leo, si kwa sababu ya kisu, bali kwa sababu ya kalamu.

Nilimkuta Baba Naomi kwenye benchi nje ya thieta. Nikamwambia si kansa, figo inabaki. Akafunika uso kwa mikono yenye grisi. Ningeweza kuondoka hapo, akanikumbuka kwa wema maisha yake yote. Nikakaa, nikamweleza na lile lingine: ndoo, siku tano, fomu.

Akashusha mikono usoni.

"Kwa hivyo tangu Jumanne ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Na mimi nakuja kwa dirisha nakuuliza."

"Ndiyo."

Hakunitukana. Nilitamani anitukane.

"Mimi na hawa watoto," akasema, "tumefunga siku tatu. Tunaombea barabara."

Akainuka, akaenda kumsubiri mkewe mlangoni.